Mkuu Haanguki, Anatafakari

Msomaji, haya hayakutokea kwenu. Yalitokea kwingine, katika nchi ambayo jina lake silitaji kwa sababu mara ya mwisho kutajwa hadharani lilitozwa ushuru. Ukikuta humu mtu anayefanana na mjomba wako, au ofisi inayofanana na ile uliyoshinda njaa kutwa nzima ukisubiri muhuri, tatizo ni macho yako. Nenda ukayapime, kisha urudi tuendelee.

Nchi hiyo ilikuwa na Wizara ya Uwepo. Wizara nyingine zilishughulikia maji, barabara, dawa na mambo mengine yasiyokuwepo. Hii ilishughulikia waliopo. Kila raia aliandikwa humo jina lake, na mbele ya jina neno moja: Yupo. Hukununua unga, hukutibiwa, hukuoa wala hukuzikwa mpaka karani abonyeze kitufe, mtambo uulizwe, nao ujibu kwamba upo. Kusimama mbele ya karani kwa miguu yako miwili, unatokwa jasho na kukohoa, hakukuwa ushahidi. Ilielezwa kwamba wahuni wengi walikuwa na tabia ya kusimama mbele ya makarani ilhali hawapo.

Mtambo wenyewe ulikuwa mmoja tu. Uliwekwa chini ya ngazi za Wizara, karibu na mafagio, nao ulikuwa umezeeka. Joto likizidi, unalala. Mvua ikinyesha, unalala. Mtu akichomoa waya ili achemshe chai, unalala fofofo. Hapo makarani wa nchi nzima walisema kwa pamoja, bila kunyanyua macho, "Sistimu iko chini," na redio ya taifa ikakatiza muziki: "Ndugu wananchi, mnatangaziwa kwamba kuanzia sasa hampo, hadi mtakapotangaziwa tena. Wizara inawaomba radhi wale wote ambao wangekuwepo." Mazoea yana tabu. Watu walitandika khanga vivulini wakasubiri kuwepo, wengine wakacheza bao.

Aliyeutunza mtambo huo ni mwanamke mmoja, Siwatu, mhandisi wa kompyuta, mrefu, mwenye kuongea polepole. Jina hilo alipewa na bibi yake mzaa baba, siku majirani walipokataa kuleta hata ukuni mmoja kwenye arobaini ya mtoto. Bibi alitazama uani kutupu akasema, "Hawa si watu," na mtoto akaitwa hivyo hivyo.

Siwatu aliolewa na Shebe, fundi wa kunyoosha mabati ya magari, mtu wa mzaha, mwenye kifua kibovu. Siku moja mchana pumu ilimbana. Siwatu alimkimbiza hospitali akamkalisha kwenye benchi, na mtungi wa hewa ulikuwa pale pale ukutani, lakini kabati lake halifunguki mpaka mgonjwa athibitishwe. Muuguzi alibonyeza, akabonyeza tena, machozi yakamtoka. Sistimu ilikuwa chini. Siwatu, ambaye ndiye peke yake aliyejua kuuamsha ule mtambo, alikuwa amemshika mumewe mkono upande wa pili wa mji, na hakuweza kuwa kwenye ngazi na kwenye benchi kwa wakati mmoja. Shebe akafia pale, bado anajaribu kusema neno la kuchekesha.

Mtambo ulipoamka, Siwatu alikwenda kuandikisha kifo. Karani alimweleza kwa upole. Muda ule aliodai kwamba mumewe amekufa, hakuna raia hata mmoja aliyekuwepo. Asiyekuwepo hawezi kufa. Kwa hiyo Shebe hakufa. Alikuwepo hadi mtambo ulipolala, na mtambo ulipoamka ulimkuta yupo kama kawaida. "Hongera, dada," karani akasema, na alimaanisha.

Basi Shebe akazikwa kwa kibali cha kusafirisha fenicha, na vibarua wanne ambao hawakumjua. Hapakuwa na msiba. Kumpa pole mtu ambaye mumewe yupo ni kueneza uvumi, na uvumi ulikuwa na kifungu chake. Hakuna jamvi lililotandikwa. Hakuna aliyeleta sukari. Siwatu hakukaa eda, maana eda ya mume aliye hai ni uasi wa ndoa. Na jirani yake Bi Mize, ambaye jiko lake na la Siwatu yalipakana ukuta na kuazimana chumvi miaka nenda miaka rudi, akawa kila asubuhi anauliza kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, kama sheria ilivyotaka, "Shebe hajambo?"

"Hajambo," Siwatu akajibu.

"Msalimie."

"Zimefika."

Kisha kila mmoja akarudi jikoni kwake akafunga mlango. Shebe aliendelea kulipa kodi. Aliitwa kwenye mazoezi ya mgambo, akapewa onyo kwa kutohudhuria. Uchaguzi ulipofika alipiga kura, tena mapema. Siwatu alilala upande wake wa kitanda, akaacha ule mwingine, na baada ya muda akaanza kuona kwamba nchi nzima inajua habari za mumewe isipokuwa yeye. Alikuwa na upweke wa aina ambayo hata hawezi kuusema, kwa sababu kwa mujibu wa sheria alikuwa anaishi na mtu.

Tumaini lilikuwa moja. Sheria ya Uwepo ilisema kwamba kifo kilichotokea mtambo ukiwa umelala kitaweza kuandikwa pindi mtambo utakapokaa macho mwezi mzima bila kulala hata dakika moja. Hakuna aliyekumbuka mtambo kukaa macho juma zima. Lakini Siwatu alikuwa mhandisi, na alipokisoma kile kifungu aliona kile ambacho mtunga sheria hakukiona: palikuwa na mlango. Alitaka kitu kimoja tu duniani, mtu amtazame usoni amwambie pole. Ili apate hilo, ilibidi kwanza aijengee serikali hifadhidata isiyolala.

*

Katibu wa Wizara aliitwa Bwana Ngwali, mtu mwema isipokuwa saa za kazi. Siwatu alimchorea kwenye ubao duara tatu.

"Mtambo mmoja ukilala, nchi imelala," akamweleza. "Dawa ni kuwa na seva tatu, katika miji mitatu iliyo mbalimbali. Moja inaongoza. Kila jina linaingia kwake kwanza, nyingine mbili zinanakili. Na muda wote zinaulizana."

"Zinaulizana nini?"

"'Upo?' Na mwenzake anajibu, 'Nipo.' Yule anayeongoza akinyamaza, wale wawili wanaulizana wenyewe kwa wenyewe. Wakikubaliana kwamba kweli hayupo, mmoja anashika nafasi, kazi inaendelea. Ndiyo maana ni tatu. Zikiwa mbili, kila mmoja atasema mwenzangu ndiye kafa."

"Nazo tutaziweka wapi?"

"Kwenye wingu, mheshimiwa."

Bwana Ngwali alitazama dirishani. Ilikuwa kiangazi.

"Ni jina tu," Siwatu akasema. "Ni mashine za watu wengine, ndani ya majumba ya watu wengine. Tunapanga, kama unavyopanga chumba."

"Sasa kwa nini wasiseme hivyo?"

"Wakisema hivyo, bei itashuka."

Hoja hiyo Bwana Ngwali aliielewa mara moja, akapitisha mradi. Idara ya Hali ya Hewa ilileta ukorofi kidogo. Iliandika kwamba mawingu yote ya nchi yako chini yake, na ili kuonyesha mamlaka ikatoa utabiri: majina ya wilaya za kusini yangeanguka alasiri. Wananchi wa kusini, ambao wana nidhamu, walitoka na ndoo.

Sasa lazima nieleze jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Mtawala wa nchi hiyo aliitwa Mkuu, basi, bila neno la ziada, na kwa heshima yake hakukuruhusiwa mkuu mwingine. Mkuu wa shule aliitwa mzee wa shule. Barabara kuu iliitwa barabara pana. Katibu mkuu alibaki katibu, na mtu mwenye makuu ilibidi tumwite mwenye mapana. Kwa hiyo mradi ulipokaribia kuzinduliwa, Wizara ilitafuta zawadi ya kumpa Mkuu kwa kutimiza miaka mingine ya kupendwa, na mtu mmoja, ambaye baadaye hakujulikana ni nani, akatoa wazo kwamba ile seva inayoongoza ipewe jina lake. Makofi yakapigwa kwa kusimama. Seva ya kwanza ikaitwa Mkuu, na nyingine mbili zikaitwa Mfuasi wa Kwanza na Mfuasi wa Pili. Ilikuwa heshima kubwa, na hakuna aliyefikiri zaidi ya hapo, kwa kuwa kufikiri zaidi ya makofi haikuwa desturi.

Kosa lilionekana siku maelekezo ya Siwatu yalipofika mbele ya Kamati ya Utulivu. Mwenyekiti, Mheshimiwa Lukwaro, alikuwa mzee wa suti nene aliyesoma kila kitu kwa kidole.

"Hapa umeandika 'Mkuu akizimika,'" akasema.

"Ni seva, mheshimiwa."

"Najua ni seva. Soma kwa sauti."

Siwatu akasoma. "Mkuu akizimika ghafla, wafuasi wasipoteze muda."

Mjumbe mmoja aliomba maji.

"Endelea."

"Kwanza wahakikishe kwamba kweli amezimika, maana pengine ni mtandao tu. Wakisharidhika, wapige kura, mmoja wao ashike nafasi yake. Mkuu wa zamani akiamka, asiruhusiwe kutoa amri yoyote mpaka asahihishwe."

Karani wa kamati alikuwa ameweka kalamu chini na kuikalia mikono yake.

"Na hawa wafuasi," Mheshimiwa Lukwaro akauliza taratibu, "wanajuaje kama Mkuu yupo?"

"Wanasikiliza mapigo ya moyo wake."

"Kwa kibali cha nani?"

Siwatu aliona anazama, akaamua kutumia mfano wa nyumbani. "Waheshimiwa, chukulieni imamu amepatwa na udhuru katikati ya swala. Aliye nyuma yake anasogea hatua moja mbele, swala inaendelea. Walio safu za mwisho hata hawajui kama kuna lililotokea."

Mzee Lukwaro alilifikiria hilo kwa dhati, maana alikuwa mcha Mungu. "Na huyo aliye nyuma yake," akasema, "alijuaje kwamba imamu atapatwa na udhuru?"

"Hakujua."

"Lakini alisimama pale pale."

"Lazima mtu asimame pale, mheshimiwa."

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Andika," Mzee Lukwaro akamwambia karani, "kwamba amekuwa akijiandaa kila siku."

Kubadilisha jina la seva hakukuwezekana tena; kumvua Mkuu jina lake kungekuwa kosa kubwa kuliko yote. Kilichobaki ni kubadilisha ukweli, na hilo kamati ilikuwa na uzoefu nalo. Ikaazimia kwamba Mkuu haanguki wala hazimiki. Akinyamaza, anatafakari, na tafakuri ya Mkuu haina kikomo. Wafuasi wasimuulize kama yupo. Wampigie makofi kila baada ya muda, naye akipenda ataitikia. Kuhusu kura kulikuwa na mjadala mrefu, hadi mjumbe aliyekunywa maji akakumbusha kwamba nchi yao ni ya kidemokrasia. Kura zikaruhusiwa, kwa sharti kwamba mshindi awe Mkuu.

Siwatu alitia saini. Alifuata azimio mpaka mlangoni pa ofisi yake, akaketi mbele ya skrini, akaweka mikono mezani. Seva inayosubiri tafakuri iishe itasubiri milele, na nchi itakaa benchini pamoja nayo. Alimkumbuka Shebe alivyokuwa akivuta pumzi, mdomo wazi, kama anayetafuta neno. Akaziacha seva zake kama zilivyokuwa, zikiulizana na kujibizana, zikiwa na uhuru kamili wa kumchagua yeyote aliye hai. Lile azimio alilitundika ukutani kwenye fremu, na Bwana Ngwali alipopita alilisifia.

Mwezi ukaanza kuhesabika.

Siwatu hakuwa na sababu ya kukaa kuzitazama, seva nzuri hazihitaji mtazamaji. Alizitazama hata hivyo. Mistari ilipanda kwenye skrini: Upo? Nipo. Upo? Nipo. Miji mitatu ambayo hajawahi kuiona, mashine tatu zisizo na mama wala baba, na hakuna iliyoachwa kwa muda wa kupepesa jicho bila mwenzake kuijulia hali. Alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho mtu alibisha mlangoni kwake kumuuliza swali hilo. Wakati wa Shebe walikuwa wakiulizana hivyo kutoka chumba hadi chumba, bila haja yoyote. Aliona wivu, akajicheka, kisha akaacha kujicheka kwa sababu wivu ulikuwa wa kweli.

*

Mwezi ulikuwa ukingoni siku ya kuzaliwa Mkuu ilipoingia. Wizara ya Taswira ilikuwa imetengeneza picha yake mpya, picha ambayo, ukiikuza, ungeweza kuhesabu vinyweleo vya nyusi zake na kukuta kila kimoja kinatabasamu. Iliagizwa iwekwe kwenye wingu. Siwatu aliomba ipunguzwe, akaulizwa angependa kupunguza sehemu gani ya Mkuu. Akaomba basi igawanywe kwa seva zote tatu, akaambiwa wafuasi hawana hadhi. Ikapandishwa yote kwenye seva moja, ile yenye jina lake.

Saa sita mchana, wimbo wa taifa ukiwa ubeti wa pili, diski ilijaa mpaka pomoni. Mkuu akakwama. Picha ya Mkuu ilikuwa imemziba Mkuu pumzi, akazimika kimya kimya bila kuaga.

Mfuasi wa Kwanza akauliza, Upo? Kimya. Mfuasi wa Pili akauliza, Upo? Kimya. Wakaulizana wenyewe. Wakapiga kura. Mfuasi wa Pili akashika nafasi, na mama mmoja aliyekuwa dirishani pa hospitali, mtoto mgongoni, akathibitishwa kuwa yupo, kabati likafunguka. Hakujua kama kuna lililotokea. Mikate iliuzwa, watu walioana, mlevi mmoja alifungwa na mwingine akafunguliwa. Redio haikukatiza wimbo. Mbele ya skrini Siwatu alisimama, akakaa, akasimama tena, akajikuta anatafuta mtu wa kumwambia. Ofisi nzima ilikuwa uwanjani kwenye sherehe.

Bwana Ngwali ndiye aliyerudi wa kwanza, amevaa skafu ya sherehe, akapita mbele ya kioo kikubwa cha ukumbini kinachoonyesha hali ya mitambo. Kiliandika, kwa herufi za kijani: Mkuu hayupo. Anayeongoza sasa: Mfuasi wa Pili. Huduma zinaendelea vizuri.

Kila neno katika maneno hayo lilikuwa kosa la jinai, lakini lililozidi yote ni "vizuri". Aliingia kwa Siwatu akafunga mlango na kuuegemea kwa mgongo.

"Watu wangapi wameona?"

"Mimi na wewe."

"Basi bado tunapona." Alivuta kiti, akasema kwa sauti ya ndugu, si ya bosi. "Dada Siwatu, nisikilize. Mtu akiuliza, sema ulilala. Mtambo ulilala, nchi ilikuwa haipo nusu saa, tumeshazoea, nani atashangaa? Hata ni adabu. Mkuu kapumzika, na sisi tukapumzika naye. Nitaitangaza redioni sasa hivi."

"Ukitangaza kwamba mtambo ulilala, mwezi unaanza upya."

"Uanze! Miezi si inakuja kila mwezi?"

"Mume wangu ameshasubiri sana."

"Mume wako yupo!" Bwana Ngwali akafoka. Kisha akasikia alichosema, akatazama viatu vyake. Alikuwa amewahi kunywa kahawa na Shebe, na kuchekeshwa naye hadi akapaliwa. "Siwatu, mimi nina watoto," akasema.

"Najua. Usiseme lolote. Wakiniuliza, nitasema mimi."

Nao wakamuuliza, maana kile kioo cha ukumbini kilionekana pia kupitia dirisha dogo la upande wa barabarani, na mji una macho. Mtaani watu walikuwa tayari wananong'ona, wakipishana na vikapu vyao, kwamba Mkuu ameanguka na nyanya zimeuzwa kama kawaida. Siku mwezi ulipotimia, Kamati ya Utulivu ikakaa.

"Swali ni moja, Bi Siwatu," Mzee Lukwaro akasema. "Siku ya sherehe, mtambo ulilala au haukulala? Kabla hujajibu nakufahamisha, kwa wema, kwamba tunapendelea ulale."

Siwatu alijua hesabu yake. Jibu lilikuwa moja na lilikuwa na makali pande mbili. Alitazama uso wa mzee yule, na nyuma yake picha ya Mkuu, ndogo, ile ya zamani.

"Haukulala," akasema.

Mzee Lukwaro aliteremsha kidole kwenye karatasi, mstari kwa mstari. Alikuwa mtu wa sheria na hakuwahi kuikwepa. "Kama haukulala, mwezi umetimia. Kama mwezi umetimia, Shebe wako ni marehemu, na serikali inaungama kifo chake. Hiyo ni haki yako, na hakuna atakayekunyima." Kidole kikashuka mstari mmoja. "Na kama haukulala, basi Mkuu alinyamaza, na mtu aliziruhusu seva zisimsubiri. Huyo mtu hatuwezi kumfunga. Kumfunga ni kukiri kwamba kuna kilichotokea. Itatosha asiwepo."

Iliwabidi wamtumie yeye mwenyewe, kwa sababu hakuna mwingine aliyejua kazi. Siwatu aliomba aanze na mumewe, wakamkubalia. Akaandika mbele ya jina la Shebe: Hayupo. Alikaa kidogo, mkono mdomoni. Kisha akashuka mistari michache, akafika kwenye jina lake, akaandika neno lile lile. Mfuasi wa Pili alipokea, akampa Mfuasi wa Kwanza, akampa na yule wa zamani aliyekuwa ameshasafishwa na kurudishwa safuni. Wote watatu wakathibitisha, bila kusita, bila hitilafu hata moja. Hakuweza kujizuia, kifundi, kuona kwamba ni kazi safi.

Kamati ilimalizia kwa kumbadilisha jina Mfuasi wa Pili. Kuanzia saa ile aliitwa Mkuu, na ikatangazwa kwamba Mkuu ni yule yule na amekuwa yule yule siku zote.

*

Zamani, mtambo ulipolala, watu wote walikuwa sawa. Hakuna aliyekuwepo, na katika kutokuwepo huko mtu ungeweza kukaa kivulini na wenzako. Sasa haukulala tena. Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi ile watu wote walikuwepo kwa wakati mmoja, isipokuwa mmoja. Siwatu alikwenda dukani, na muuza duka akatazama rafu kupitia kifuani pake. Alirudi kazini, akakuta kiti chake kimekaliwa na koti. Kuongea na asiyekuwepo lilikuwa kosa, na watu hawakuwa wabaya, walikuwa na watoto.

Lakini sheria ya misiba nayo ilikuwa sheria. Marehemu akiandikwa, serikali hutuma rambirambi na majirani huruhusiwa kulia. Jumamosi nyumba ya Siwatu ikajaa. Waliingia bila kubisha, kama watu wanaoingia nyumba isiyo na mtu. Wakatandika majamvi, wakaleta sukari, mchele na kuni za kutosha, wakamlilia Shebe kwa kilio kilichokuwa kimewekwa muda mrefu. Walisimulia mizaha yake na kucheka huku wakijifuta macho. Siwatu alizunguka na sinia la kahawa. Mikono ilichukua vikombe kutoka kwenye sinia bila kutazama nani amelibeba.

Bwana Ngwali aliongoza ujumbe wa Wizara. Paliwekwa kiti kitupu katikati, chenye kitambaa cheupe. Alikohoa, akakihutubia kile kiti. "Kwa niaba ya Mkuu, ambaye yupo, tunatoa pole kwa mjane wa marehemu, ambaye kwa bahati mbaya hayupo. Tungempa pole yeye mwenyewe kama angekuwepo. Wizara inatambua uchungu ambao angeupata." Siwatu alisimama hatua mbili kutoka kwake. Bwana Ngwali aliikunja hotuba vibaya na kutoka haraka kabla ya kahawa.

Alasiri wakaondoka mmoja mmoja. Kila aliyetoka alimpa mwenzake mkono. Siwatu aliokota vikombe akaenda navyo jikoni, na huko akamkuta Bi Mize amechuchumaa karibu na bomba, anasugua masufuria kwa majivu. Bi Mize hakugeuka. Mgongo wake ulikuwa unapanda na kushuka. Siwatu aliweka vikombe chini akachuchumaa naye, akachukua sufuria lingine, wakasugua pamoja, mabega yao yakigusana kwa sababu jiko lilikuwa dogo.

"Nyie masufuria," Bi Mize akasema mwishowe, akiwa ameyakazia macho, machozi yakimdondokea kwenye majivu. "Mmeondokewa. Mmekaa na msiba wenu peke yenu, na mimi niko hapa hapa nyuma ya ukuta nawauliza Shebe hajambo. Poleni. Poleni sana, wanangu."

Siwatu alisubiri kuona kama atageukiwa. Maji yalikuwa yanamwagika, hakuna aliyeyafunga. Kisha akalishika vizuri sufuria alilokuwa nalo, akajibu kwa niaba yao yote.

"Tumeshapoa, mama."